Maswali ya Wasomaji: Baiskeli ya Marehemu Baba

Swali: Marehemu baba aliniachia baiskeli. Kwa miaka mingi niliyoitumia nimebadilisha matairi, cheni, spoku, kiti na usukani, na mwezi uliopita fremu ilikatika chini, karibu na pedali, fundi akaniwekea nyingine. Mdogo wangu anasema baiskeli ya baba haipo tena. Mimi nasema ndiyo hii hii. Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Ndugu msomaji, yatazameni kwanza maneno mliyoyatumia. Kiswahili husema "hii ni baiskeli", "hii ndiyo baiskeli ya baba" na "baiskeli ipo", na kila sentensi ina dai lake: ya kwanza inataja aina ya kitu, ya pili inadai kwamba kinachoonekana sasa na kilichotajwa ni kitu kimoja, na ya tatu inadai kuwapo kwake. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa madai ya kwanza na ya pili, jambo ambalo Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, aliliita aibu kwa wanadamu mwaka 1919. Mdogo wako amesema "haipo" nawe umesema "ndiyo", lakini ugomvi wenu ni mmoja, kwa sababu kama hii ndiyo ile, basi ile ipo.

Msihangaike na kufanana. Watu wawili wakivaa "shati moja", huenda tunamaanisha mashati mawili ya kitambaa na mshono uleule, na kufanana kwake hakuyafanyi kuwa shati moja kwa hesabu. Vivyo hivyo baiskeli yako inaweza kuwa haifanani hata kidogo na ilivyokuwa mikononi mwa baba yako, na bado ikawa ileile.

Kwa kweli mabadiliko yenyewe yaliwahi kukanwa kabisa. Parmenides wa Elea, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5 KK, alishikilia kwamba kilichopo hakiwezi kutoka katika kisichokuwapo, kwa hiyo hakuna kinachobadilika. Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, alimjibu kwa kutenga mambo mawili. Fremu inaposhika kutu, kuna kitu kinachobaki, nacho ni fremu, huku sifa moja ikiondoka na nyingine ikiingia. Lakini mabomba ya chuma yanapochomelewa yakawa fremu, ni kitu kipya kilichotokea, na kilichobaki ni maada iliyopokea umbo. Swali lenu, basi, ni hili: siku ile kwa fundi, je, baiskeli ilibadilika, au ilikwisha na nyingine ikaanza?

Fumbo hili ni la kale. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, aliandika juu ya merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za kale, ambayo Waathene waliitunza kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni ileile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, alilikaza zaidi: itakuwaje mtu akiziokota mbao zote za zamani na kuziunga upya kwa mpangilio uleule? Mafundi wengi hawatupi kitu, kwa hiyo jambo hili si la kufikirika tu. Tuseme fundi wako alihifadhi kila kipande, akaichomelea fremu iliyokatika, na leo ana baiskeli nzima pembeni mwa karakana yake. Haziwezi zote mbili kuwa baiskeli ya baba, maana hizo ni mbili na ile ilikuwa moja.

Mimi naegemea upande wako. Kila tengenezo liliiacha baiskeli inayokwenda, na sehemu kubwa ya ile ya jana ikiwa mahali pake. Mwendelezo huo wa umbo na kazi ndio tunaoutazama katika vitu vilivyoundwa vitumike. Hata hivyo mdogo wako ana hoja nzito moja. Namba ya baiskeli kwa kawaida hupigwa kwenye fremu, mara nyingi chini penye mhimili wa pedali, yaani karibu na pale pale palipokatika. Lakini hata hapo ningemjibu kwamba namba ni alama ya kutambulia kitu, wala si kinachokifanya kitu kuwa kile kilicho.

Swali: Nina picha yangu ya utotoni ambayo siikumbuki ikipigwa. Nitasemaje kwamba yule ni mimi?

Jibu: John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1694 aliuweka umoja wa mtu katika ufahamu: mimi ndiye yule ambaye matendo yake ninayakumbuka kuwa yangu. Kwa kipimo hicho wewe si yule mtoto. Thomas Reid, mwanafalsafa Mskoti, alimpinga mwaka 1785 kwa mfano wa ofisa shujaa aliyekumbuka kuchapwa viboko utotoni kwa kuiba matunda, na ambaye baadaye, akiwa jenerali, alikumbuka ushujaa wake lakini alikuwa amesahau viboko. Jenerali ndiye ofisa, ofisa ndiye mtoto, ila kwa kipimo cha Locke jenerali siye mtoto. Huo ni mkanganyiko. Wengi wameurekebisha kwa kuridhika na mnyororo wa kumbukumbu, kila pete ikishika inayofuata. Mimi naona mwili unaoishi bila kukatika unatosha kukuunganisha na picha yako.

Swali: Je, tundu la soksi ni kitu?

Jibu: Ukiyahesabu matundu mawili, umekwisha kukiri kwamba yapo. Mwaka 1970 wanafalsafa David na Stephanie Lewis waliandika majibizano ambamo mmoja, asiyekubali chochote ila maada, anajitetea kwamba tundu ni ule ukingo unaolizunguka. Mwenzake anamkumbusha kwamba, kwa hesabu hiyo, tundu linajizunguka lenyewe.