Kabla Hujaupeleka Uso Wako Kwenye Leza

Matangazo ya leza yanayozunguka mitandaoni karibu yote yanamwonyesha mama wa Kizungu mwenye mikunjo pembeni mwa macho, kisha picha ya pili uso umenyooka. Sisi weusi mikunjo hutuchelewa, kwa sababu melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, hutukinga na jua. Kinachotuzeesha uso mapema ni rangi isiyo sawa: madoa yaliyoachwa na chunusi, weusi wa mashavuni unaokuja na ujauzito, vidoti vyeusi vilivyoinuka vinavyoongezeka kadiri umri unavyosogea. Mimi nilikwenda kwa ajili ya madoa na mashimo ya chunusi za usichana, na ushauri wangu wote hapa unaanzia hapo: usiulize kama leza ni nzuri. Uliza leza ipi, kwa tatizo lipi, kwenye ngozi ya rangi ipi.

Leza ni mwanga wa aina moja uliokusanywa pamoja. Ukiingia ngozini hutafuta cha kuupokea. Kuna unaopokewa na maji, kuna unaopokewa na damu, na kuna unaopokewa na melanini. Ukishapokewa unageuka joto, na joto ndilo linalofanya kazi. Shida yetu iko hapo. Melanini tumejaaliwa ngozi nzima, haiko kwenye doa peke yake, kwa hiyo mwanga uliokusudiwa doa unaweza kunaswa juujuu ukakuunguza. Tena ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutoa weusi zaidi. Unakwenda kufuta doa, unarudi na doa na nduguze, na hao huchukua miezi kuondoka.

Ndiyo maana madaktari waliozoea ngozi zetu hupenda mashine ya leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064 (nanomita ndiyo hupimia urefu wa mawimbi ya mwanga). Mawimbi yakiwa marefu kiasi hicho, melanini huyapokea kidogo na mwanga hushuka chini zaidi. Kwa mashimo kuna leza ya kaboni dioksidi, nanomita 10,600, ambayo hupokewa na maji. Zamani hii ilichoma uso mzima. Mwaka 2004 ikaelezwa njia ya kuugawa mwanga kuwa nukta ndogondogo, katikati yake ngozi ikaachwa salama ili isaidie kuponya. Mimi nilifanyiwa hiyo ya nukta, kwa nguvu ndogo na nukta zikiwa mbalimbali. Ile IPL ambayo baadhi ya saluni huiita leza, siyo leza. Hutoa mwanga wa mchanganyiko, na sehemu kubwa yake melanini inaudaka. Kama wewe ni mweusi tii, pita mbali.

Daktari atakupanga kwenye kipimo cha Fitzpatrick, namba moja mpaka sita, kujua ngozi yako inalipokeaje jua. Kipimo hicho kilipotungwa mwaka 1975 kiliwahusu Wazungu; kahawia na weusi tuliongezwa baadaye. Naitaja historia hii kwa sababu mipangilio ya mashine nayo ina hadithi kama hiyo. Mtu aliyefundishwa kubonyeza namba za ngozi nyeupe atakuunguza kwa nia njema kabisa.

Sasa tuzungumze mkorogo, na tuzungumze kweli. Ukiulizwa na daktari umewahi kupaka nini, sema. Hata kama ni ile ya kopo lisilo na jina uliyochanganyiwa mtaani, hata kama uliacha. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni, dawa ya kufifisha weusi, na steroidi, pengine zebaki. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, na ngozi iliyochakaa hivyo haiwezi kuvumilia joto la leza. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuacha weusi wenye ubluu kwenye mashavu, na wengi huuona kama madoa ya kawaida wakaja kuuchomea leza. Shoga yangu mmoja alificha kwa aibu ya mumewe aliyekuwa amekaa pembeni. Dada, mwambie mume asubiri nje.

Mambo mengine ya kutaja: kama makovu yako huvimba na kukua, kama hutokwa na vidonda vya homa mdomoni (leza huviamsha, utapewa dawa mapema), kama unatumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini, kama una mimba.

Kisha dai jaribio. Apige sehemu ndogo, karibu na sikio au chini ya taya, mrudi kuitazama baada ya wiki kadhaa. Anayetaka kukupiga uso mzima siku ya kwanza, huku akikuuzia malipo ya awamu zote kwa mkupuo, chukua pochi yako uondoke.

Maumivu? Hupakwa ganzi, lakini bado kila pigo ni kama mpira wa kufungia noti ukikuchapa shavuni. Macho lazima yafunikwe miwani maalumu, na aliyeshika mashine naye avae yake. Baadaye uso uliniwaka, ukavimba kidogo, vikaja vigaga vya kahawia ambavyo kwa kawaida hupukutika ndani ya wiki moja hivi. Usivibandue. Usipake limau, wala liwa, wala manjano ya shangazi. Mafuta mazito ya mgando yanatosha.

Jua ndilo linaloharibu kazi. Niliupanga mwezi wa kipupwe makusudi, ingawa jua la Dar halina likizo, na ndani ya bajaji ushungi peke yake hautoshi. Krimu ya kukinga jua iwe SPF (kiwango cha kinga kilichoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, urudie kila saa mbili ukiwa nje. Kwa weusi wa mashavuni tafuta ile yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, maana mwanga wa kawaida tunaoona nao huuchochea. Weusi huo wa mashavuni, kwa maoni yangu, usiuanze kwa leza hata kidogo. Mara nyingi hurudi, wakati mwingine umezidi. Krimu za daktari na uvumilivu kwanza.

Pa kuanzia ni kwa daktari wa ngozi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi tangu 1992, na waliosomea hapo wametawanyika mikoani na nchi jirani. Hospitali ya mkoa wako ulizia.

Mashimo yangu yamepungua kina, hayajaisha. Kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi, huendelea kujijenga kwa miezi, kwa hiyo usijipime kwenye kioo kila asubuhi, piga picha mahali pamoja kwenye mwanga uleule. Madoa yamefifia vizuri. Rangi yangu ni ileile, na wanaoniuliza pembeni kama leza "inang'arisha" jibu ni hilo.