Oparesheni ya pua, ya wazi au ya ndani? Usichague kwa kuogopa kovu tu

Tangu nifanyiwe pua kule Istanbul, dada zangu swali mnaloniuliza kuliko yote ni kovu, na wengi unakuta mtu keshachagua njia ya ndani hata daktari hajamshika pua. Naomba tuongee vizuri.

Njia ya ndani, daktari anachana ndani ya matundu tu, nje huoni kitu. Ni ya zamani, John Orlando Roe wa Marekani alishaiandikia tangu 1887. Ya wazi anaongeza kamkato kadogo kwenye ile nguzo nyembamba iliyo kati ya matundu mawili, halafu anaifunua ngozi kwenda juu na magegedu yote, ile mifupa laini inayoipa pua umbo, anayaona yalivyokaa. Hii imekuja kuenea sana miaka ya 1970.

Sasa pua zetu. Wengi wetu ngozi ya nchani ni nene, magegedu laini, mwamba uko chini, kwahiyo kupunguza peke yake hakusaidii, inabidi uongezewe gegedu, wanalitoa ule ukuta wa katikati ya pua, lisipotosha wanachukua la sikio au la ubavu, na kulishona likae sawa huku hulioni vizuri ni kazi ngumu jamani. Ndo maana mimi nilikubali ya wazi. Ila kama shida yako ni kinundu tu kwenye mwamba na ncha iko poa, ya ndani inakutosha kabisa na uvimbe huwa unawahi kuisha.

Keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kuliko jeraha lenyewe, nilizihofia sana, kwetu zipo kwenye ukoo, na kama kwenu zipo mwambie daktari mapema. Ila pale kwenye nguzo huwa zinaota kwa nadra, na kovu langu la kawaida mpaka unisogelee uso kwa uso ndo unaliona. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi, ukitaka matundu yapunguzwe upana, mkato unapita pembeni ya tundu kwa nje, yaani kovu unalo hata ukifanya ya ndani!

Kinachochosha kwenye ya wazi ni uvimbe wa nchani. Lile gamba gumu wanalokuwekea juu ya pua baada ya oparesheni linatoka baada ya kama wiki hivi, lakini ncha inabaki imevimba na ina ganzi miezi kadhaa, na kwa ngozi nene inaweza kwenda mwaka na zaidi, kwahiyo usiihukumu mapema wala usikimbilie kurudia kabla mwaka haujaisha.

Kule Istanbul picha nyingi utakazoonyeshwa ni pua za Waturuki na Wazungu, wewe omba za watu wenye ngozi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baadae na kwa chini, matundu yaonekane. Halafu muulize, akianza kwa ndani akakuta gegedu halitoshi, atafungua palepale ukiwa bado kwenye nusu kaputi au atakushona kwanza muongee? Jibu lake hakikisha liko kwenye ile fomu ya kukubali oparesheni kabla hujasaini.