Maswali ya Wasomaji: Misaada ya Maafa Inayopita Majini

Salaam, Mhariri. Kikundi chetu cha vijana hapa Temeke kinajiandaa mapema: mafuriko yakirudi delta ya Rufiji kama yale ya Aprili 2024, tupeleke chakula kwa kaya 200. Tumepata boti ya faiba ya kukodi, ya tani 2. Safari moja itatosha?

Haitatosha, vijana wetu. Hesabu yenu ianzie ufukweni mnakoteremsha mzigo, ndipo irudi nyuma mpaka dukani. Fungu la kaya moja ya watu 5 kwa siku 15 lina uzito wa kilo 38 hivi (mchanganuo uko kwenye jibu linalofuata). Kaya 200 ni tani 7 na nusu. Boti ya tani 2 haibebi tani 2 za chakula, maana nahodha, mabaharia na ninyi ni uzito pia. Watu 6 ni kilo 450. Mafuta, nanga na injini ya akiba ni kilo 100 nyingine. Zinabaki kilo 1,450, yaani mafungu 38 bahari ikiwa shwari kabisa. Pakieni 30. Safari zitakuwa 7, na swali la kweli ni maji yatawaruhusu safari ngapi kwa siku.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Pwani yetu, siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Siku za maji mafu (maji madogo ya katikati ya bamvua mbili) hujaa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku muda unasogea mbele kwa dakika 50 hivi, na ndani ya mito ya delta maji hujaa kwa kuchelewa zaidi. Boti iliyosheheni inataka kuingia mtoni maji yakiwa yanapanda, ili ikigusa fungu la mchanga iinuliwe na maji yenyewe. Ikigusa wakati maji yanashuka, mmepwelewa: muda wa saa 6 au zaidi juani katikati ya mikoko, unga ukiwa chini ya turubai linalotoa jasho. Bamvua inafika mbali zaidi mtoni lakini inawaachia kushusha mzigo magharibi ikikaribia, na kurudi usiku hatushauri kabisa. Maji mafu yanawapa mchana mzima, ila vijito vyembamba havifikiki. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 4, 2024, mwezi mpya ulikuwa siku nne mbele, kwa hiyo wiki ya misaada iliangukia bamvua.

Kwa hesabu hiyo, boti moja ni safari moja kwa siku, mbili kwa bahati. Kodini boti mbili, au fanyeni ghala dogo Nyamisati, kwenye gati la delta, mpeleke kwa awamu. Mchukueni rubani (mwongoza chombo mtoni) wa kijiji mnakokwenda hata kama nahodha wenu anaijua bahari, kwani mafuriko huhamisha mafungu ya mchanga na ramani ya kichwani ya mwaka jana haifai tena. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe asubuhi ya safari. Ikitolewa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti haiondoki. Kila mtu avae jaketi okozi tangu gatini. Likiwekwa chini ya magunia si jaketi tena.

Mhariri, fungu la kaya lina nini hasa? Na mbona unga tuliopeleka Kilwa ulifika umeota ukungu? (Mama wa kikundi cha kukopeshana, Mbagala)

Mama, kwa mtu mmoja kwa siku shika gramu 400 za nafaka, 60 za kunde au maharage, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Kwa watu 5, siku 15, unapata kilo 30 za unga au mchele, kilo 4 na nusu za maharage, mafuta lita 2 na chumvi pakiti ya nusu kilo. Ongeza sabuni ya mche kilo moja na kidogo. Kipimo hiki hakifikii nguvu ya siku nzima, ile ya kalori 2,100. Kinategemea kijiji kipate samaki, nazi au muhogo, na penye mashamba yaliyosombwa mafuta na kunde viongezwe.

Kuhusu ukungu, mkosaji wa kwanza kwa kawaida ni sakafu ya boti. Maji hujikusanya chini hata kama chombo hakivuji, na kiroba kilicholala pale hunyonya kimyakimya. Tandikeni mbao au magogo ya mikoko yaliyokwishaanguka, mzigo ukae juu, na mmoja wenu kazi yake iwe kufua maji tu, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Kila kiroba kiwe na mfuko wa nailoni ndani, umefungwa kwa kamba, si kukunjwa. Dona huharibika haraka kuliko sembe kwa sababu ya mafuta ya kiini cha mahindi. Unga ulioota ukungu msiuanike mkaugawa: sumukuvu (sumu ya ukungu) haiondoki kwa jua wala kwa kupika.

Sisi tungechagua mchele. Ndio chakula cha watu wa huko, na ukilowa kidogo kwa maji safi unapikwa jioni ileile. Fungasheni kwa kilo 10 au 15, siyo 50, kwa kuwa atakayeubeba anatembea kwenye tope akiwa ndani ya maji ya kiunoni. Siku tatu za kwanza msitegemee maharage, kuni zote zimelowa.

Tulipogawa, watu walilalamika kwamba kuna waliopata mara mbili na wengine patupu. Orodha tulipewa na kijiji. (Lindi)

Orodha ya kijiji ni mwanzo mzuri, ila huwa imeandikwa kwa nyumba. Hesabuni majiko. Mwanamume mwenye wake wawili ana majiko mawili, na akiandikwa yeye peke yake mke mmoja atalala njaa. Wavuvi walio dago (kambi ya uvuvi ya ugenini) hawamo kwenye daftari la kijiji wanachokaa, wala hawapo kijijini kwao siku ya mgao. Nendeni na mtendaji wa kijiji pamoja na mwenyekiti wa kila kitongoji, someni majina hadharani siku moja kabla, na toeni kuponi zenye namba. Kabla ya hapo taarifa ipite kwa kamati ya maafa ya wilaya, chini ya mkuu wa wilaya. Bila hivyo vikundi vitatu huishia kijiji kilekile cha kando ya lami. Na lami nayo si ya kuaminika: baada ya Hidaya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga, malori yakasubiri siku kadhaa.

Hujambo Mhariri. Huku Tana Delta visima viliingiliwa na maji ya mafuriko. Tupeleke maji ya chupa? (Garsen, Kenya)

Siku mbili tatu za mwanzo, sawa. Baada ya hapo mnabeba uzito bure: lita moja ni kilo moja. Vidonge vya klorini vya lita 20 vinafaa zaidi, viwili kwa siku kwa kaya, 30 kwa siku 15, na vyote vinaingia mfukoni. Maji yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kidonge kitiwe, yakorogwe na kusubiriwa dakika 30. Yakibaki na tope baada ya kuchujwa, vidonge viwili. Kila kaya ipate mitungi miwili yenye vifuniko, mmoja wa kuchotea na mmoja wa kuhifadhia. Tumewahi kuona vidonge vikigawiwa kwa watu ambao ndoo zao zote zilisombwa.

Klorini haiondoi chumvi. Kisima cha karibu na bahari kikiwa kimeingia maji chumvi, msikikamue kwa pampu kubwa mpaka kikauke, kwani mnavuta maji ya bahari kutoka chini na chumvi inazidi. Toeni kidogo kidogo, ondoeni matope, kisha kiachwe kijazwe na mvua.

Sisi ni Waswahili wa Muscat. Tumekusanya nguo na maziwa ya kopo ya watoto. Tutume vipi?

Ndugu zetu, nguo gawaneni hukohuko. Nauli yake inazidi bei ya kanga mpya huku, na marobota huishia kuoza gatini. Maziwa ya kopo msitume kabisa: yanachanganywa kwa maji machafu kwenye chupa isiyochemshwa, mtoto anaharisha, na mama aliyeanza kuyategemea, maziwa yake mwenyewe yanapungua. Mama anayenyonyesha aongezewe chakula na maji. Fedha ndizo zinazosafiri vizuri, zikinunua mchele wa hapa. Mkitaka lazima kutuma kitu, tumeni tende. Haipikwi, haihitaji kuni, na inavumilia unyevu ikifungwa vyema. Katoni zisizidi kilo 10, na kila moja ivikwe nailoni.