Nilimpa debe, akaniletea bakuli

*Shangazi, Januari jirani yangu aliishiwa kabisa, ana watoto watatu, nikampa debe zima la uwele. Alipovuna akaja jioni na bakuli la mlenda mkavu na karanga kidogo, kafunika na kanga. Nikamuuliza, "Hii ndiyo nini?" Nikamrudishia. Sasa ananikwepa, anapita njia ya nyuma. Na pale bombani nilipowasimulia wenzangu lile debe, wananiita mwenye masimango. Si wanasema tenda wema uende zako? Mbona wangu umenitokea puani? – Niliyechoka, Nkuhungu, Dodoma*

Mwanangu, pole. Debe la uwele mwezi wa Januari si mchezo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na Januari ndiyo unafagia ghala huku shambani bado ni majani matupu. Ulitoa wakati na wewe unapimia kwa kikombe. Hilo sikunyang'anyi.

Ila wema ulitenda, zako hukwenda. Ulisimama bombani.

Halafu lile bakuli. Wewe ni mtu wa Dodoma, mlenda mkavu unaujua: uchume mvua ikinyesha, uanike, utwange, uchekeche, na rundo lote lile la majani linakwisha kuwa unga wa kujaza bakuli. Alikuletea kazi ya mikono yake. Akaifunika, akasubiri giza liingie, maana alijua ni kidogo. Alitaka siku hiyo na yeye aitwe mtoaji, wewe ukamwambia hii ndiyo nini.

Zamani muungwana maana yake ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa wa mtu. Sasa huyo anayezunguka njia ya nyuma kwa ajili ya debe lako, umemwachia uhuru gani?

Nisijifanye malaika. Mimi niliwahi kumkatalia mtu jogoo wake, nikidhani namhurumia. Hakukanyaga kwangu mpaka mvua mbili zikapita.

Nenda kwake jioni. Mikono mitupu, narudia, mitupu, usibebe hata chumvi. Mwambie ulikosea, umeufuata mlenda wako. Kama ameshaumaliza, muulize ana nini jikoni. Akikupa kigoda, kaa. Akisonga, nawa ule, na habari ya debe isikutoke mdomoni.