Orodha yangu ya bustani kumi bora za wanyama duniani nimeifuta

"Assalaam alaykum kaka. Tumekwenda kwa maneno yako. Tumeendesha gari kutoka Maskati mpaka tumevuka mpaka, tumelala hoteli, tumelipa kiingilio cha watu watano. Tumeingia saa saba mchana. Twiga tumemuona mkia tu, kajibanza nyuma ya banda anatafuta kivuli. Mwanangu wa pili kalia mpaka tumefika garini. Wallahi kaka, ungetwambia."

Ujumbe huo wa dada mmoja wa Maskati uliingia Julai, usiku, nimekaa barazani nyumbani Tanga. Niliusoma mara tatu. Sikumjibu mpaka kesho yake, maana kila nilichotaka kuandika kilikuwa kujitetea.

Wengi wenu mmenijua kwa ile orodha. Niliandika mwaka jana, "Zuu 10 Bora Duniani", na hakuna kitu nilichowahi kuandika kikasomwa vile. Watu walinipigia simu kutoka Mombasa, wengine kutoka Toronto, wananiuliza tiketi, hoteli, msimu. Nilijisikia mtu. Kijana aliyetoka Chumbageni na mfuko mmoja wa nguo sasa anawaelekeza watu wakaone nini duniani. Leo nakiri mbele yenu: katika hizo kumi, mimi nimekanyaga nne tu. Sita nilizitoa kwenye video. Ile niliyoiweka namba moja, San Diego ya Marekani, sijawahi hata kuiona bandari yake.

Nilikuwa baharia miaka kumi na tisa, chumba cha injini. Meli ikifunga gati, wenzangu walikimbilia simu za mtumba na viatu. Mimi nilikuwa nauliza: wanyama wako wapi? Nawajua mnaosoma hapa, na nyinyi mko hivyo hivyo. Mnataka kuiona dunia, na mnataka watoto wenu waione mapema kuliko mlivyoiona nyinyi. Ndiyo maana nimeona niwaambie ukweli wote.

Hamburg, Ujerumani, ndiko nilikoanzia. Nilipewa saa sita za kushuka. Treni ya chini ya ardhi, ile U2, inakushusha karibu na mlango, na kituo chenyewe kinaitwa Hagenbecks Tierpark. Carl Hagenbeck aliifungua bustani hiyo mwaka 1907 kwa ubunifu ambao haukuwahi kuonekana: aliondoa nondo za vizimba. Unasimama, mbele yako kuna bwawa lenye heroe, nyuma yao simba, nyuma ya simba mlima wa mawe wenye mbuzi mwitu, na macho yako yanaapa kwamba wote wako uwanja mmoja. Kumbe katikati kuna mahandaki ambayo simba hawezi kuyaruka. Pale ndipo nilipomlisha tembo kwa mara ya kwanza maishani, tembo wa Asia, mwenye masikio madogo. Mkonga ulikuja taratibu juu ya ukuta, umelowa, una vinywele vigumu kama brashi tuliyokuwa tukisugulia kutu melini. Nilikuwa nimeshika vipande vitatu vya karoti. Ukachukua viwili vizima, cha tatu kilichoanza kuoza ukaniachia kiganjani.

Nilirudi melini nikaihesabu Hamburg kuwa ya kwanza duniani. Ilinichukua miaka kujua kwamba Hagenbeck huyo huyo, kuanzia mwaka 1874, alikuwa akiwaweka na watu kwenye maonyesho. Alianza na Wasami wa kaskazini ya Ulaya, akafuatia na Wanubi kutoka Sudan. Watazamaji walilipa kiingilio kama walivyolipa kwa simba. Hilo silisemi ili msiende Hamburg. Nendeni. Ila mtu anayekuambia bustani fulani ni bora kwa sababu ni ya zamani na ina sifa, kwanza muulize sifa hizo zilijengwa juu ya nani.

Singapore nimefika mara tano. Ilifunguliwa mwaka 1973, na mpaka leo orangutangu wanapita kwenye miti juu ya vichwa vya watu. Tangu 1994 kuna na sehemu ya usiku, jirani yake, ambako unawatazama wanyama saa zao wenyewe za kuwa macho. Kwa mtoto, sijaona kinachoizidi. Lakini ni pale pale nilipomkuta dubu wa ncha ya kaskazini, mwaka 2004, katika joto la Ikweta. Manyoya yake hayakuwa meupe. Yalikuwa ya kijani, rangi ya ndimu changa, kwa sababu mwani ulikuwa umeota ndani yake. Kibao kikasema jina lake ni Inuka. Nikamshika mkono mwenzangu, mtu wa Mtwara, nikamwambia: "Tazama, dubu ana jina la Kiswahili!" (Si la Kiswahili, ni neno la Wainuiti, watu wa barafu ya kaskazini.) Yeye akamtazama dubu kwa muda mrefu, kisha akasema: "Inuka, na hainuki."

Inuka alizaliwa Singapore mwaka 1990, akafia hapo hapo mwaka 2018, mzee, viungo vimechoka. Alikuwa dubu wa kwanza wa aina yake kuzaliwa nchi za joto, na bustani ikaamua hatakuwepo mwingine baada yake. Kwangu mimi uamuzi huo ni mkubwa kuliko zawadi zote walizopewa. Zuu iliyojua kusema "huyu hatumuwezi" naiamini zaidi ya ile yenye kila mnyama.

Antwerp, Ubelgiji, naipita haraka. Iko ubavuni mwa stesheni kuu ya treni, na ndiyo iliyompokea okapi, mnyama wa jamii ya twiga, wa kwanza kutoka Kongo kufika nje ya Afrika, mwaka 1919. Ndugu zetu wa msitu wa Ituri, huko kwao okapi, wanaweza kusema zaidi kuliko mimi. Al Ain, Falme za Kiarabu, huko huko alikokwenda yule dada, nilikwenda kutoka bandari ya Jebel Ali siku ya mapumziko, asubuhi sana, na kwa sababu ilikuwa asubuhi sana niliona kila kitu. Hilo la asubuhi nilipaswa kuliandika kwa herufi kubwa kwenye orodha. Sikuliandika.

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya nifute kila kitu.

Kwenye orodha, Bronx ya New York niliiweka namba saba, kwa ukubwa wake. Baada ya ujumbe wa yule dada nilianza kusoma upya, moja moja, nikakutana na mambo mawili ya bustani hiyo hiyo. La kwanza: Septemba 1906 walimweka binadamu kwenye banda la nyani, kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga, watu wakaja kumtazama kwa maelfu. Wachungaji weusi wa makanisa ya mji ule wakapiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi kwao. Alijiua mwaka 1916. Taasisi inayosimamia bustani ile iliomba radhi mwaka 2020.

La pili ni la kwetu kabisa. Mwaka 1996, kwenye korongo la maporomoko ya Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa, alionekana chura ambaye hakuna popote pengine duniani alipo. Mdogo, anakaa juu ya ukucha wa dole gumba, rangi ya dhahabu, na hatagi mayai: anazaa vitoto vilivyokamilika. Anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipojengwa, megawati 180, maji yakageuziwa mitambo na manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Bronx, na baadaye Toledo, Ohio, nako wakalelewa. Wengi walikufa mwanzoni. Huku nyumbani, ugonjwa wa kuvu ukawamaliza waliobaki, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Chura wetu wote walikuwa Marekani, ndani ya vioo. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi, chini ya mabomba yanayonyunyiza maji badala ya maporomoko.

Nilikaa na mambo hayo mawili kwa wiki nzima. Mlango mmoja, mtu wetu aliingizwa kama mnyama. Mlango huo huo, miaka mia na kidogo baadaye, chura wetu alitoka akiwa hai. Utaipa namba ngapi? Mimi nilishindwa, nikajua namba hazifai. Kinachofaa ni swali: bustani hii imerudisha nini ilikotoka?

Swali hilo ukilibeba, mabishano yote ya ipi bora, zuu za Ulaya, Asia au Marekani, yanabadilika. Dvůr Králové, mji mdogo wa Ucheki ambao haukuwemo kwenye orodha yangu hata kidogo, ulileta faru weupe wa kaskazini wanne Ol Pejeta, Kenya, Desemba 2009. Faru dume aitwaye Sudan alifia hapo Machi 2018, wamebaki majike wawili, Najin na Fatu. Mwaka 2016 wakamleta Mkomazi faru mweusi jike, Eliska. Mwaka 2019 faru weusi watano kutoka bustani za Ulaya wakashushwa Akagera, Rwanda. Na San Diego, ambayo niliisifia panda na mikahawa, sifa yake ya kweli iko kwa yule dada wa Maskati mwenyewe: choroa weupe wa Arabuni walipigwa risasi mpaka wa mwisho porini mwaka 1972, huko Oman. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani walizaana, wakarudishwa Oman kupitia San Diego, wakaachiwa jangwani mwaka 1982. Wakafika kama 450 mwaka 1996. Kisha ujangili ukarudi, wakashuka mpaka 65, na mwaka 2007 hifadhi yao ikafutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kufutwa. Kwa hiyo zuu ikirudisha, sisi wa nyumbani lazima tuwe na mikono ya kupokea. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wanne wakiwemo, walipandishwa ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Qatar, na sisi tulikuwepo.

Na nina uchungu mwingine, niutoe. Miaka mitatu iliyopita niliandika kuhusu bustani moja ya binafsi humu nchini, ambako simba alikuwa anazunguka juu ya saruji, hatua saba kwenda, hatua saba kurudi, hatua zile zile, mpaka sakafu imeng'aa njia yake. Sikuitaja jina, na leo sitaji. Mwenyewe alijitambua. Aliniita msaliti wa biashara za wazawa, na mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi ya usafi pale akaachishwa wiki ile ile. Dada yangu hakunisemesha Ramadhani nzima. Niliogopa, nikaacha kuandika ukweli, nikaanza kuandika orodha za nchi za mbali ambazo hakuna wa kunipigia simu kunifokea. Orodha ya kumi bora ilizaliwa na woga ule.

Basi ukienda popote, fika mlango unapofunguliwa, si mchana. Mtazame mnyama mmoja kwa dakika kumi kabla hujakimbilia wa pili. Akirudia njia ile ile bila kusimama, hapo pana tatizo hata kama maua ni mazuri. Muulize mtunzaji, si mkata tiketi, mnyama huyu alitoka wapi na kuna ndugu zake waliorudishwa. Ukipewa mtoto wa simba umpakate upige picha, kataa, na mwanao akuone unakataa. Na uende asubuhi, narudia.

Mkinibana nichague moja, nachagua Haller Park, Bamburi, Mombasa. Lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jeupe, halioti kitu. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje, akaleta majongoo wakala majani yaliyodondoka, kinyesi chao kikawa udongo. Pale ndipo kiboko Owen, aliyepoteza mama yake karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipomfuata kobe mzee, akalala ubavuni kwake. Wengine wamerudisha mnyama. Hawa wamerudisha ardhi yenyewe.

Yule dada nilimjibu hivi: "Waalaykum salaam dada yangu. Nisamehe. Mkija Unguja likizo, wapeleke kisiwa cha Changuu, boti ya kwanza ya asubuhi, wabebe mchicha." Kobe wa kwanza wa pale waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na mgongoni wameandikwa umri wao kwa rangi.

Wiki iliyopita ameniletea picha. Watoto wawili wamepiga magoti mchangani, kobe kanyoosha shingo yote kama mtu anayechungulia dirishani, na jani la mchicha limening'inia mdomoni. Chini ameandika: "Ahsante kaka. Huyu wa pili hayumo, kakaa botini na baba yake. Bado anadai twiga wake."