Giza Halikuniponya Kipandauso

Juma lililopita msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba amenunua mapazia meusi, ameyatundika chumbani, na sasa hushona nguo za wateja usiku tu, kwa sababu mchana kipandauso, ugonjwa wa maumivu makali ya kichwa, hakimruhusu kutazama dirisha. Aliniuliza kama amefanya vyema. Ujumbe wake ulinikuta nikimalizia kofia ya vito ya kumi na mbili tangu Maulidi iliyopita, idadi ambayo sikuwahi kuifikia, na ingawa sipendi majivuno, naomba ijulikane kwamba niliimalizia mchana.

Kofia ya vito ni kitambaa cheupe pepepe kinachotobolewa matundu madogo, na kila tundu huzungushiwa uzi, mweupe vilevile, hata macho yakakosa pa kupumzikia. Miaka minne iliyopita, kila nilipoinua kichwa saa nne za asubuhi, jua lilikuwa limeufikia ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, na weupe wake ukanichoma nyuma ya jicho la kushoto. Kilifuata kichefuchefu, kisha kitanda, mara nyingine kwa siku mbili nzima.

Mavyaa wangu alisema ni shetani. Nikaandikiwa kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nikalinywa, wala silikejeli, kwani lilinituliza moyo. Kilichoniuma ni neno alilomwambia wifi yangu akidhani nimelala, kwamba mwanamke asiyetaka kufua hakosi ugonjwa. Nimemsamehe, ingawa naona bado naliandika.

Nilifanya kama alivyofanya msomaji wangu, tena nikamzidi: mapazia, na miwani ya jua ndani ya nyumba hata baada ya magharibi. Baada ya miezi kadhaa hata mwanga wa simu ulinitoa machozi. Daktari wa mishipa ya fahamu niliyemwona Mombasa (safari ya basi siisimulii) alinieleza kwamba jicho lililozoeshwa giza huongeza wepesi wake wa kuupokea mwanga, hivyo mwanga wa kawaida hugeuka kuwa mkali. Kisha akanihesabia vidonge. Nilikuwa nikimeza dawa za kutuliza maumivu zaidi ya siku 15 kwa mwezi, na kwa kiasi hicho, kikiendelea kwa miezi, dawa zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Niliona haya, maana nilikuwa nikizinunua mwenyewe, kimyakimya, kipande kwa kipande.

Si jicho lililoharibika. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, akiwamo Rami Burstein, walichunguza vipofu wenye kipandauso, wakakuta kwamba waliobakiwa na uwezo wa kuhisi mwanga huzidiwa na maumivu unapowapata, lakini wasiohisi mwanga kabisa hawadhuriki. Kwa panya waliifuata njia inayotoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi ndani ya ubongo, kwenye seli zilezile zinazobeba maumivu ya kichwa. Mwaka 2016 kundi hilo lilieleza kwamba mwanga wa kijani ndio unaosumbua kidogo kuliko rangi nyingine. Nilipoyasoma hayo nilitamani kumsomea mavyaa, ila nilinyamaza.

Basi nililifungua pazia kwa kiasi cha shubiri moja, nikaongeza kila baada ya siku chache. Miwani ya jua niliiachia jua na chombo cha kuvukia Mokowe, ng'ambo ya Lamu, ambako maji ya saa saba hung'aa kama bati jipya. Ndani nilivaa lenzi za rangi ya waridi ziitwazo FL-41, ambazo hupunguza mwanga wa buluu; huko Birmingham, Uingereza, katika utafiti mdogo wa mwaka 1991, watoto waliozivaa walipungukiwa na vipindi vya kipandauso kutoka wastani wa 6.2 kwa mwezi hadi 1.6. Kazi niliihamishia msanani, ukumbi unaoelekea ua wa ndani wa nyumba, unakoingia mwanga wa ua huo bila jua lenyewe. Taa nyeupe ya mrija niliiondoa.

Hata hivyo, lenzi peke yake zisingenifikisha. Daktari aliniandikia propranolol ya kila siku ya kukizuia kipandauso, dawa ambayo mwenye pumu hapewi, nayo ilichukua karibu miezi miwili kuonyesha kazi yake, na sumatriptan ya kumeza maumivu yanapoanza, isiyofika siku 10 kwa mwezi. Ndugu yangu wa Malindi, wewe una wateja na jina la kulinda kama mimi; usiutibu mwanga ukauacha ugonjwa, wala usingoje wakwe wakuamini ndipo uende kwa daktari. Fungua pazia. Hesabu vidonge. Pazia lifunguliwe kidogo kidogo, narudia, kidogo kidogo. Lakini maumivu yaliyokuja kwa ghafla na ukali usioujua, au yenye homa na shingo ngumu, au jicho jekundu linalokimbia mwanga, hayo hayangoji ushauri wangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na mapazia yako usiyatupe. Yangu niliyakata, nikayapinda kingo, na sasa hutandika kipande kimoja mapajani chini ya kofia, ili ninapoondoa macho kwenye uzi mweupe yapate mahali peusi pa kutua kabla ya tundu linalofuata.