Ukipata mteja wa pili, funga hiyo folda

Ndugu yangu wa Lamu, usifanye hivyo. Umeandika kwamba una wateja sita, wote wenye nyumba za wageni Shela na Mkomani, kwamba faili zao ziko kwenye folda moja ya Google Drive uliyoigawa vifolda, na kwamba utahamia lango la wateja, yaani tovuti ambapo kila mteja anaingia kwa nywila yake akaona faili zake tu, ukifikisha wateja kumi na tano. Umeuliza pia lango lipi ni la bei nafuu, faili za zamani zihamishwe vipi, na kama wazee wataweza mambo ya nywila. Mimi nimekwama kwenye hiyo kumi na tano. Mimi niliambiwa ishirini, nikangoja, na nililipia.

Kazi yangu ni hesabu za mishahara na kodi, hapa Malindi. Aprili 2024 nilikuwa na wateja tisa: hoteli ndogo za Casuarina, vila mbili za Waitaliano, mkahawa mmoja Barabara ya Lamu, wengine Watamu na Mambrui. Folda kuu ilikuwa moja, jina lake "Wateja", ndani yake vifolda tisa, na kila mtu nimempa linki ya kifolda chake. Kwa miaka mitano halikutokea lolote, na hilo ndilo lililonilaza usingizi.

Sheria ya makato ya nyumba za bei nafuu ilikuwa imetiwa saini Machi, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, na simu hazikunyamaza: nikate kwa nani, nikate kwenye mshahara upi. Nikaandika ukurasa mmoja wa maelezo nisije nikarudia maneno yale yale mara tisa, nikauweka kwenye folda kuu. Ilikuwa tarehe 8 usiku, Ramadhani ikimalizikia, PAYE, kodi ya mishahara, mwisho wake kesho, stima imepotea tangu magharibi. Nikatumia simu. Nikabonyeza vile vidoti vitatu, nikachagua "yeyote mwenye linki", nikanakili, nikabandika kwenye kundi la WhatsApp la wateja, nikalala.

Vidoti nilivyobonyeza vilikuwa vya folda, ule ukurasa sikuugusa.

Kwenye Drive ruhusa ya folda inateremka mpaka chini. Ukifungua folda ya juu umefungua vifolda vyote na kila kilichomo, hata kile ulichokiweka 2019 ukakisahau. Kwangu kulikuwa na orodha za mishahara, taarifa za benki, nakala za pasipoti na vibali vya kazi vya wageni. Kulikuwa pia na barua za mwenye vila mmoja aliyekuwa akiuza kimyakimya, na humo ameniandikia bei ya chini kabisa ambayo angeikubali.

Ilikaa wazi siku 11. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilijua siku mpishi wa hoteli moja alipoingia kwa bosi wake na simu mkononi, akamuonyesha mshahara wa mpishi wa hoteli nyingine ya barabara ile ile: kazi moja, tofauti shilingi 14,000. Mpishi hana kosa, alikuwa na haki ya kuuliza. Bosi akanipigia. Huku nazungumza naye nikafungua Drive, nikaliona lile neno "yeyote", mikono ikaniisha nguvu.

Nikafunga. Lakini kufunga hakurudishi kilichokwisha kupakuliwa. Na akaunti yangu, ile ya bure, haikuweza kunionyesha ni nani aliyefungua nini. Hapo ndipo palipouma kuliko pote. Watu tisa walitaka jibu la swali moja tu, "yangu yameonekana?", na sikuwa na la kumwambia hata mmoja. Mwenye vila akarudiwa na mnunuzi wake wiki iliyofuata na bei ile ile ya chini, hadi shilingi ya mwisho. Siwezi kuthibitisha kwamba aliiona kwangu. Siwezi pia kumtazama yule mzee usoni.

Wanne waliondoka mwezi ule ule, na hao ndio waliokuwa wakibeba kodi ya ofisi na mshahara wa msaidizi wangu. Ikabidi nimwachishe kazi msichana aliyekuwa hajawahi hata kuigusa folda hiyo.

Mwanasheria wa mteja mmoja ndiye aliyenikalisha akanisomea Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mimi ninayeshika data kwa niaba ya mteja, data ikivuja natakiwa nimjulishe bila kuchelewa, na ikiwezekana ndani ya saa 48 tangu nijue. Yeye naye ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, itakayokuwa ndogo kati ya hizo. Mimi nilikuwa nimemaliza siku tatu nikitafuta maneno ya kuomba radhi.

Sasa nije kwa aliyenipoteza. Ilikuwa semina ya siku moja Mombasa, tumelipa sisi wenyewe, na mwalimu akasimama akatuambia kwamba lango ni la makampuni makubwa, chini ya wateja ishirini ni kutupa pesa, na sheria ya data haiwahusu wadogo. Alichokuwa amekisikia nusu nusu ni msamaha wa kujisajili: mwenye mapato ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 anaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna, na hata huo hauhusu kila aina ya biashara. Wajibu wa kulinda data ya watu unabaki pale pale. Nilipomwandikia yaliyonikuta alijibu kwamba ningekuwa makini zaidi. Mtu anayekuuzia mpango unaotaka kidole chako kisikosee hata mara moja kwa miaka mitano hajawahi kufunga mishahara ya watu tisa gizani. Bado nina hasira naye, na nikiona namba kama hiyo yako inazidi.

Usihesabu wateja. Jiulize kama wawili kati yao wanafahamiana. Wako wanapanda boti moja kwenda Mokowe, wanaajiri ndugu wa nyumba moja, wanagombea wageni wale wale. Siku uliyompata wa pili ndiyo siku uliyotakiwa kuhama.

Wewe mtu wa Lamu daka unalijua, kile kibaraza cha mlangoni. Mgeni wa shughuli anapokelewa dakani, mazungumzo yanaisha, anakwenda zake bila kuona ndani. Hiyo folda yako ni kumpa kila mgeni ufunguo wa nyumba na kumwomba aingie chumba kimoja tu. Lango linafanya kazi kama iTax, ile tovuti ya kodi ya KRA: kila mtu anaingia kwa nywila yake na anakuta mambo yake peke yake, na lango linaweza kuongeza namba ya pili inayokuja kwenye simu. Linki akimtumia jirani, jirani anagota kwenye nywila. Kwenye folda ruhusa imeshikizwa kwenye faili, na unaipanga upya kwa mkono kila siku. Kwenye lango ruhusa imeshikizwa kwa mteja, na kumbukumbu ya aliyefungua faili inabaki. Bado unaweza kukosea ukaweka faili kwenye chumba cha mtu mwingine. Mimi nimeshafanya hivyo mara moja. Ilikuwa faili moja, mtu mmoja, nikaona kwenye kumbukumbu kwamba hajaifungua, nikaiondoa na kumwarifu mwenyewe siku ile ile.

Na wazee wataweza. Mzee wangu wa Mambrui anatumia M-Pesa kila siku kwa namba ya siri, hakuhitaji zaidi ya dakika kumi.

Leo kabla hujalala, fungua folda yako kuu kwenye kompyuta, usitumie simu, uangalie walioruhusiwa, kisha ushuke kifolda kimoja kimoja. Ukikuta "yeyote mwenye linki" hata mahali pamoja, ifunge kwanza, halafu uje utuandikie hapa ilikuwa wazi tangu lini.